Kinyozi wa Butembo na Maharagi Yasiyo na Ganda

Saa mbili asubuhi ukungu bado umelalia mabati ya Butembo. Katika saluni ya mbao iliyo nyuma ya soko, Phinées Kambere anafungua mlango. Anafungua na dirisha. Kisha, kwa mazoea ya siku mbaya, anabandua ubao mmoja wa ukuta wa nyuma na kuusimamisha nje. Baridi inaingia bila kubisha hodi.

Mteja wa kwanza ni Abdias, muuza sabuni. Anakaa kwenye kiti, anajifunga mwenyewe kitambaa shingoni.

"Leo ulikula nini?" anauliza kabla hata ya kusalimia.

"Maharagi."

"Eeh, Bwana wangu!" Abdias anapima kwa macho umbali wa kufika nje. "Donc, basi, anzia upande wa mulango. Nikikimbia, ile upande batu bataona itakuwa ya muzuri."

Phinées anacheka, anaanzia upande wa mlango. Miezi michache iliyopita maneno kama hayo yangemtoa machozi.

Ana miaka arobaini na mmoja na amekuwa akinyoa tangu nchi ikiitwa Zaire. Mashine yake ni ya mkono, kwa sababu umeme hapa Butembo, mwaka huu wa 2001, ni wa wenye jenereta. Kichwa cha mtu mzima ni franki hamsini, cha mtoto nusu yake. Siku ikiwa nzuri ananyoa vichwa kumi, na nusu ya mapato inakwenda kwa mwenye saluni, Muzee Salomon.

Mwaka jana tumbo lilianza kumuunguza. Muuguzi alimwambia ni gastrite, yaani tumbo limechubuka ndani, akamkataza pilipili, mafuta ya mawese, sombe ya majani ya muhogo, nyama ya kukaanga na kahawa. Kasiksi, pombe ya ndizi, pia, ingawa Phinées, mwimbaji wa kwaya ya Kiprotestanti, anasisitiza kwamba hiyo haikumhusu. Mkewe Tamar anaposikia hivyo huangalia pembeni.

Alichoruhusiwa ni maziwa, mayai na samaki wa kuchemsha.

"Akaniuliza kama ninaelewa," Phinées anasimulia. "Nikamuambia, Docteur, ninaelewa sana. Unataka nikule kama mutu wa mali."

Ng'ombe wa milimani wameliwa na wenye bunduki, wa kila upande, nao hawana desturi ya kuuliza ng'ombe ni wa nani. Samaki wa Kyavinyonge anafika Butembo mara chache, tena kwa bei ya mgeni wa heshima, maana njia ya ziwani ina vizuizi vingi kuliko kona. Muuguzi aliposikia hayo alikuna kichwa, akasema, basi, maharagi, yapikwe vizuri.

Maharagi yalikuwepo. Tatizo ni kwamba tumbo la Phinées na maharagi havikuwahi kupatana, na saluni yenyewe inalingana na banda la kuku.

Jumamosi moja mzee wa kanisa alisimama katikati ya kunyolewa, akatoka na nusu ya kichwa na kitambaa shingoni, akaenda kumaliziwa kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kitambaa alikirudisha Jumatatu, kimefuliwa. Wengine hawakuwa na adabu hiyo.

"Huyu mutu anajamba kama lori ya Kasindi ikipanda mulima!" Abdias alitangaza soko zima, na soko zima lilimwelewa.

Wateja walipungua, na habari ikamfikia Muzee Salomon.

"Phinées, mi sina shida na wewe," mzee alimwambia. "Shida ni tumbo yako. Na kiti ni yangu. Ile Posho ingine nitakuja mi mwenyewe unikate ndevu. Ukule maharagi asubui, unasikia? Mi nikitoka hapa mbio, na wewe unatoka."

Posho, kwa watu wa huku, ni Jumamosi. Phinées alirudi nyumbani akipiga hesabu. Bila kiti, hata hayo maharagi yangetoka wapi, na binti yao Joyeuse angevaa nini shuleni?

Tamar hakuelewa kosa liko wapi. Alikuwa akiyapika kwa bidii yote. Aliyaloweka usiku, na asubuhi, kama mama yake alivyomfundisha, alihifadhi yale maji meusi. Kwao maji ya maharagi ndiyo damu, ndiyo nguvu, na mwanamke anayeyamwaga ni mharibifu. Basi aliyapikia humo humo. Zaidi ya hayo, kwa kumhurumia mume, alimchotea kikombe kila jioni anywe kama dawa.

Wiki hiyo shangazi yake, Mama Kyakimwa, alifika kutoka Beni, mtaa wa Ruwenzori, akakuta kikombe kinapelekwa kwa mgonjwa.

"Hii ni nini?"

"Ni nguvu ya maharagi, shangazi."

"Nguvu?" Mama Kyakimwa alikaa chini ili acheke vizuri. "Wewe mutoto, unamunyweshea bwana yako upepo kwa kikombe!"

Kesho yake alimwaga maji yote uani, Tamar akitazama kama anayeibiwa. Akatia maharagi maji mapya, akayamwaga tena, mpaka maganda yakalegea. Wanawake hao wawili wakakaa wakiyaminya moja moja kwa vidole, ganda huku, punje kule. Zile ngumu za mwaka jana, ambazo wauzaji huchanganya na mpya ili kujaza kopo, shangazi alizitupia kuku. Yaliyobaki yalipikwa polepole na majani ya poro, ndugu wa kitunguu, yakapondwa kwa mwiko mpaka yakawa laini kama uji.

"Hii ni chakula ya mutoto hana meno," Phinées alinung'unika.

"Kula, Baba Joyeuse," Tamar alimjibu. "Kiti ndiyo inangojea."

Siku ilipofika Muzee Salomon alikaa, akaegemea, akafumba macho. Abdias na wengine walijipanga mlangoni. Phinées alikuwa amekula sahani iliyojaa. Wembe ulipita shavu la kulia, ukapita la kushoto, ukateremka chini ya kidevu. Tumbo la Phinées lilikuwa limetulia kama maji ya mtungi.

Ndipo mlio ukasikika. Ulikuwa mrefu, wenye kona mbili.

"Phinées!" Abdias alipiga kelele. "Kiti imekwenda!"

Phinées alilijua tumbo lake, na mlio haukutoka humo. Alijua pia wembe uko shingoni mwa nani. Aliinua wembe, akangoja kufukuzwa.

Muzee Salomon alifungua jicho moja. Ni shemasi wa miaka mingi, na uongo humkwama kooni. Alikohoa.

"Hapana yeye," alisema. "Phinées, endelea kunyoa."

Hakuna aliyethubutu kucheka kabla mzee hajalipa na kuvuka barabara. Baada ya hapo walicheka mpaka muuza sabuni akakaa chini. Lakini kabla ya kuondoka, mzee alikuwa amemvuta kinyozi pembeni na kumuuliza kwa sauti ndogo, "Bibi yako anatoa ile ganda namna gani?"

Sasa Tamar ameomba nafasi ya kuweka jiko kando ya saluni, auze maharagi yaliyomenywa kwa wote waliokatazwa kila kitu kitamu. Muzee amekubali kwa sharti moja, kwamba sahani ya kwanza ya kila siku iwe yake, na mtu asiulize.

Mafiga matatu yamekwisha kuletwa. Phinées anayaonyesha kwa wembe, akiwa na matumaini makubwa.

"Hii vita imeharibu batu matumbo na vichwa," anasema. "Tamar atatengeneza matumbo, mi nitatengeneza vichwa. Siku amani itafika, itatukuta tuko tayari."