Nilimdai Rafiki Kisheria, Akaniletea Katoni ya Bia

Nimeona mengi, lakini hili sikuwahi kuliona: unamtumia mtu hati ya madai ya kisheria, halafu anakuja kwako anacheka, katoni ya bia begani.

Ngoja nianze mwanzo tuende sawa.

Mimi ni fundi plasta hapa Bunbury, Australia Magharibi. Kazi zangu nyingi nazipata kwa Pascoe, mkandarasi, mshikaji wangu tangu enzi tunacheza mpira. Sisi hatuandikiani. Tunakubaliana kazi Ijumaa baa, tunapeana mikono, basi.

Mwaka mmoja tulimaliza jengo la fleti za kampuni moja kubwa ya Perth. Plasta ilinyooka mpaka unatamani kuilamba. Malipo ndiyo yaliyoota mbawa.

Kila nikimuuliza Pascoe, wimbo ni uleule: kampuni ikimlipa, atanilipa. Mimi huku nawalipa vijana wangu kwa akiba ya mke wangu.

Huyo mke wangu, Glenys, si mtu wa kuzungushwa. Alikuwa amesoma kuhusu sheria mpya ya malipo ya ujenzi, akanieleza jikoni. Unatuma hati ya madai. Mwenzako akinyamaza mpaka muda wa kujibu uishe, amelikubali deni lote. Na ile hadithi ya nikilipwa nitakulipa, sheria haitaki hata kuisikia.

"Siwezi kumfanyia Pascoe hivyo," nikasema. "Ni rafiki yangu."

"Na mimi ni nani wako? Benki?"



Hati akaiandika yeye. Nikaituma shingo upande. Mji wetu mdogo, na fundi anayempelekea mkandarasi wake mambo ya sheria, Ijumaa hakuna anayemsogezea kiti.

Kweli bwana, Pascoe hakujibu.

Ijumaa hakunipigia simu. Jumamosi tukakutana kwenye foleni ya soseji za kuchoma, zile zinazouzwa kila wikendi nje ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliponiona akageuka, akaondoka bila hata soseji.

Niliumia, nisiwafiche. Nilikuwa radhi kusamehe pesa zote ili nimrudishe mshikaji wangu. Nikamwambia Glenys tuifute ile hati. Akasema nithubutu.

Muda wa kujibu ukaisha. Zikapita wiki.

Asubuhi moja nakuta pesa zimeingia benki. Zote. Jioni yake gari la Pascoe likasimama nje. Nikatoka nikijua leo ni leo.

Akashusha katoni, anacheka.

"Sikuja kwako," akasema. "Mwite Glenys. Ile hati hukuiandika wewe."

Glenys akatoka, Pascoe akatueleza. Kumbe kila alipowapigia wale wa Perth walimwambia mafundi wake wametulia, yeye haraka ya nini? Naye aliogopa kuwabana kwa sababu walimwahidi jengo jingine. Hati yangu ilipomfika, akajua sasa atanilipa atake asitake. Basi akainakili ile hati ya Glenys, akabadilisha majina na kiasi, akaipeleka Perth.

Wakubwa wakafanya walichozoea. Wakanyamaza.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, na safari hii mshindo ukawaangukia wao. Muda ulipokwisha hawakuwa na pa kupunguza hata senti.

"Sasa kwenye soseji ulinikimbia nini?" nikamuuliza.

Cheko likamwisha. Akakuna kichwa.

"Ningekuambia nini, kaka? Wale wa Perth nilikuwa nawaogopa. Wewe nilikuwa nimekuzoea."

 Glenys akafungua bia, akampa yeye kwanza.

Ndugu zangu, ukiona haya kumdai rafiki, unamfundisha kukulipa wa mwisho. Mimi siku hizi namtumia Pascoe hati kila mwezi, na hatujawahi kupendana hivi.