Dakika Tatu Juu ya Kususiana

Chuo kilitaka video ya dakika tatu. Mtafiti ajitambulishe, aeleze anachotafiti, na aseme kwa nini jambo hilo linamgusa yeye mwenyewe. Asiyeleta video hapati nafasi ya shahada ya uzamivu. Maagizo yalisema pia tutabasamu, na hapo ndipo waliponiudhi, kwa sababu utafiti wangu haukuwa wa kutabasamia. Nilikuwa natafiti kususiana: jinsi watu wa Pemba, tangu vyama vingi viingie, walivyogeuziana visogo kwa ajili ya kura, wakawa hawauziani dukani, hawaitikiani salamu, hawazikani.

Kwa nini linanigusa? Baba alifariki muda mfupi baada ya uchaguzi, mimi nikiwa bado skuli. Alikuwa na chama kisichotakiwa kijijini kwetu Vitongoji, na hakukificha. Siku ya maziko hakuja jirani hata mmoja. Kwetu jeneza hata la mgeni asiyejulikana hugombaniwa mabega, lakini la baba lilibebwa na wajomba zangu waliokuja kwa gari kutoka Micheweni, wakapokezana wao kwa wao mpaka kaburini. Ami yangu, ndugu yake baba wa tumbo moja, alikaa kwenye baraza yake ng'ambo ya njia akisikiliza redio. Nilimwona kupitia dirishani. Sijamsamehe, wala sina nia hiyo.

Basi nilikwenda nyumbani kurikodi hayo hayo. Niliiegemeza simu juu ya kinu pale uwani, nikasema yote, na ami nikamtaja kuwa ni ami. Sikujua kwamba ameshaingia na yuko mlangoni ananisikiliza. Siku hizi huingia kwa mama kama anaingia kwake. Wamepatana, au ndivyo wanavyojidanganya.

"Futa," akaniambia.

"Sifuti, ami. Nimesema uongo gani?"

"Uongo hamna. Na ingelikuwa leo, singelikwenda vilevile. Lakini hilo letu wenyewe, si la kuwapelekea watu." Kisha akaongeza kwa upole uliotaka kunitapisha, "Ukilipeleka, kijiji kizima kitajua umewaanika. Watakalofanya, mie simo. Sitamkataza mtu, wala sitamhimiza mtu."

Nilimgeukia mama nikitarajia atamfukuza. Alikuwa amekaa kwenye kibao anapeta mchele, na hakuinua uso.

"Futa, mwanangu," akasema. "Weye utarudi chuoni kwako. Mie nkifa nafia hapa. Wa kunichukua n'nani? Wajomba zako ndo hao, wazee, hata kusimama taabu."

Ami alikuwa amemtisha mama kwa jeneza lake mwenyewe, mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya muhogo, na mama alimwelewa kabla sijamwelewa mimi. Nilitaka kumwambia maneno ambayo binti hamwambii ami yake. Nilimtazama mama anavyoendelea kupeta, ungo ukipanda na kushuka, nikayameza.

Nikafuta.

Nikaanza upya, lakini kwa hasira niliyokuwa nayo, kila nikiisimamisha simu juu ya kinu inaanguka. Ami akaiokota, akaifuta vumbi kwa ncha ya kikoi chake, akasema atanishikia yeye. Nikasema kwamba natafiti mahusiano ya kijamii visiwani, na kwamba jambo hili linanigusa kwa sababu nimezaliwa hapa. Maneno yalikuwa makavu mdomoni. Mtu aliyekataa kumbeba baba yangu aliishika simu kwa mikono miwili, sawasawa, bila kuitikisa.

"Cheka kidogo," akaniambia.

Mama alikuwa ameacha kupeta, ananiangalia. Nikacheka.