Nilivyomliza Mhesabu Vifo

Andika, mjukuu wangu, wala usinipunguzie aibu.

Juma lililopita msichana aliyejifunga kitenge alipiga hodi hapa kwetu Likasi, akaniita bibi kwa heshima. «Kaku, mu hii nyumba kulikufa nani? Aliteseka namna gani?» Kwetu, anayeuliza mateso ya marehemu ni mtu aliyechelewa kilio. Nikaamini ni mchumba wa mwanangu Kalonji, tuliyemzika mwaka jana. Kabla hajajieleza, nilitandika mkeka, nikapiga yowe, na majirani wakajaa uani. Naye, badala ya kuniaibisha, aliketi chini akalia nasi machozi ya kweli. Adabu kama ile sijaiona kwa vijana wa leo.

Tulipotulia, Mama Ngalula, jirani yangu, alimuuliza: «Weye ni nani ya marehemu?»

«Minye natumwa na serikali, mama. Tunahesabu vifo vya inchi yote, na magonjwa yenye kuvileta. Kaku, tuongee peke yetu.»

«Uliza hapa!» nikafoka, kuficha haya. «Nyumba yangu haina siri!»

Alikataa. Nilipomshurutisha, aliniinamia sikioni, akanong'ona swali lake. Masikio yangu yamechoka, nami hudhani kila mtu ni kiziwi kama mimi. Nikajibu kwa sauti ya kuitia watu shambani: «Ndiyo, ni sida!»

Ua mzima ukanigeukia. Mwaka mzima nilikuwa nimewaambia ni malaria, si ukimwi. Msichana akanishika mkono, asiuachie.

«Kaku,» akasema Mama Ngalula, «shiye wote tulijuaka tangu zamani.»