Siku Mama Alipopiga Hodi

Mama alikuwa na sharti moja tu. Nikipata chumba Nchiru, karibu na chuo nilikosomea, angekuja Jumamosi kukikagua. "Nikikuta umekwama hata mara moja," alisema, "tunarudi nyumbani Kibugu siku hiyo hiyo." Nilikuwa na miaka ishirini na minne na digrii yangu, na bado aliingia chumbani mwangu asubuhi na jioni bila kubisha, kuhakikisha sijaanguka kutoka kwenye kiti changu cha magurudumu. Nampenda sana. Lakini nilitaka mlango wangu.

Nikazunguka hosteli. Ngazi, ngazi, ngazi! Mwenye nyumba mmoja hata hakunitazama, alimuuliza rafiki yangu aliyenisindikiza, "Na huyu atakaa na nani?"

"Nitakaa na mimi," nikamjibu, nikageuza kiti kwa hasira hadi nikamkanyaga kidole. Sijutii.

Ndipo nikampata mzee mmoja Mwislamu, mwenye bucha na vyumba vitano vya chini nyuma yake. Hakuuliza nitakaa na nani. Alichukua kamba ya kufungia ng'ombe, akapima upana wa kiti changu, akapiga fundo. "Choo iko ndani. Mlango nitapanua. Hizi ngazi mbili natoa, naweka simiti, inshallah."

Akaiweka kweli. Shida ni kwamba mteremko pekee aliowahi kuujenga ni wa kupandishia ng'ombe kwenye lori. Nilifika katikati, nikasita, kisha nikarudi kinyumenyume mbio, wateja wa nyama wakiruka huku na huku, hadi nikagota kwenye gunia la mkaa. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Mzee alijishika kichwa. "Haki nimejengea ng'ombe!"

Ijumaa jioni akaubomoa, akajenga mwingine mrefu, mpole, kutoka mlangoni hadi karibu na geti. Mimi nilikuwa nimeshahamia ndani, nikimwelekeza kwa mbwembwe zote. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba simiti mbichi haipitiki.

Jumamosi asubuhi mama akafika na kiondo cha nduma za kuchemsha, akasimama mbele ya simiti.

"Toka nikuone!"

"Siwezi, mama. Haijakauka."

"Si nilisema? Umekwama!"

"Hata wewe umekwama, mama."

Mzee akaja mbio na ubao mrefu, akaulaza juu ya matofali. Mama akauvuka akiwa ametanua mikono, kiondo kikining'inia, akilalamika kwa Kiembu kila hatua, nami nikicheka hadi machozi.

Alikagua kila kitu. Alifungua mfereji, akajaribu komeo, akabonyeza godoro. Nikampikia chai polepole, maana hakuwa ametaja Kibugu na sikuthubutu kumkumbusha. Akamaliza kikombe, akaenda kumshukuru mzee.

Nilimwona akirudi kwenye ubao, safari hii bila kelele. Mlango ulikuwa wazi kabisa, tulikuwa tunatazamana. Hata hivyo alisimama kizingitini, akajifunga leso vizuri.

"Hodi?"

Tangu nizaliwe, mama hakuwahi kunipigia hodi. Moyo wangu uliruka kama mtoto aliyeona mgeni akija na mkate.

"Subiri kidogo, mama," nikasema, na sikuwa nafanya chochote.

Akasubiri.