Heshima Niliyomfundisha Mwadime Kortini

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Mwadime, seremala kiziwi wa hapa Voi, alishtakiwa kwa wizi wa mbuzi. Kanisa likanituma nimsaidie kortini, kwa kuwa nilikaa semina ya lugha ya ishara siku mbili. Pale nje nikamwonyesha heshima: hakimu akikutazama, itikia kwa kichwa. Hilo alilielewa.

Karani akasoma shtaka, nami nikapunga mikono kadiri ya semina. Hakimu akamtazama. Mwadime akaitikia vizuri sana, nikajisikia mwalimu.

"Amekubali aliiba?" hakimu akauliza.

"Hapana, Mheshimiwa, hiyo ni heshima tu."

Akamtazama tena. Mwadime akaitikia tena.

"Huyu atafika jela na heshima zake," askari akanong'ona.

Mwadime alipoona nyuso zetu, akaomba kalamu kwa mkono. Mimi sikuwahi kumuuliza kama anajua kuandika. Hakimu akasoma karatasi yake kwa sauti, korti nzima ikisikia: "Sikuiba mbuzi. Huyu ndugu aliniambia niitikie kila nikitazamwa. Ishara zake sijazielewa tangu asubuhi, lakini amejitahidi. Naomba mkalimani."