Kompyuta Iliyoogopa Wageni

Ikiwa na mimi peke yangu, mashine ile ilikuwa malaika. Nachapa ukurasa, nachapa wa pili, jenereta inanguruma nyuma ya jiko, mama anapita na ndoo yake ya maji, salama salmini. Aje mgeni tu, basi! Kamshale kwenye kioo kanasimama. Sogeza kipanya huku, bonyeza kule, ng'o. Imeganda.

Niliiunda kwa mikono yangu nyumbani kwetu Kiruruma, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa vipande nilivyovifuata Kampala. Nilikuwa nimekaa huko kwa mafundi wa kompyuta, nikajifunza kufungua na kufunga, nikarudi na wazo la kuchapa mitihani ya shule za kwetu ambazo zilikuwa zinahangaika nayo mpaka Bukoba. Vipande vile vilinunuliwa kwa ng'ombe, na ndiyo maana nilikuwa sipati raha. Mama yangu, mjane, alimuuza ng'ombe wake wa mwisho, yule aliyeachiwa na marehemu baba. Hakuniapisha wala hakunihubiria. Alisema tu, "Nenda kalete hicho chuma chako."

Baba mdogo hakumsamehe. Kila akipita kwetu alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "Shemeji, leo hilo boksi umelikamua?" Mama alikuwa anacheka na kumkaribisha kahawa. Mimi nilikuwa natamani ardhi ipasuke niingie. Nilijua mashine ikishindwa, mama atachekwa na ukoo mzima hadi anaingia kaburini, na kosa alilofanya ni kuniamini mimi.

Mgeni wa kwanza alikuwa katibu wa parokia, alikuja na matangazo ya misa. Nikachapa nusu, ikaganda. Nikasingizia jenereta. Wa pili alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Muleba aliyehamia kwetu, anataka barua safi yenye nembo ya duka. Ikaganda kabla sijamaliza jina la duka. Huyo alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni akaondoka, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Nikaanza kuitafuta hiyo shida. Nilifungua boksi nikachomoa memori, nikazifuta kwa kitambaa, nikazirudisha. Nilibana kila waya. Nilifuta programu zote nikaziweka upya. Niliazima stabilaiza ya redio, ile ya kutuliza umeme, kwa mwalimu jirani nikaitia kati ya jenereta na mashine. Kila baada ya matengenezo niliijaribu kutwa nzima, peke yangu, na ilichapa bila kukohoa. Nikawa najiambia, haya, imepona. Kumbe wapi! Kesho yake akija mtu wa maana, mchezo ni ule ule. Ikafika mahali nikisikia hodi, najificha jikoni. Sikulala vizuri, sikula vizuri, nikawa mkali hata kwa kuku.

Mama yeye alishaamua ni jicho. "Watu wanaingia hapa na mioyo yao," alisema. Lakini mama yangu hakuwa mtu wa kufukuza watu. Dawa yake ya kijicho ilikuwa heshima: mgeni ukimtukuza, roho yake inalainika. Kwetu mgeni hakaribishwi kwenye sakafu tupu, hata kama umeisakafia kwa saruji. Unamtandazia nyasi mbichi. Basi kila nikimwambia kesho anakuja fulani, mama alichukua mundu akateremka bondeni, akarudi na mzigo kichwani, akatandaza sebule nzima, kona hadi kona. Mgeni akishaondoka na nyasi zikinyauka, alizifagia nje. Na mgeni akizidi cheo, mama naye alizidisha nyasi.

Ndipo ikaja habari kwamba mkuu wa shule ya sekondari atafika Jumamosi mwenyewe kuiona mashine. Ikimridhisha, mitihani yote ya shule yake itachapwa kwetu. Baba mdogo naye akasikia, akaja mapema, akajichagulia kiti kizuri cha kuonea aibu yetu. Nyasi za siku hiyo, jamani, zilikuwa zinafika kwenye vifundo vya miguu.

Mkuu wa shule, mwanamke ambaye wote tulimwita mama mkuu, aliingia. "Shikamoo mama," nikamwamkia. Mama yangu akapiga magoti, akamkaribisha kwa neno letu la heshima, "Karibu waitu, karibu sana." Nikawasha, nikaanza kuchapa mtihani wa jiografia aliokuja nao. Swali la kwanza. La pili. Katikati ya swali la tatu kamshale kakasimama.

"Imelala?" akauliza baba mdogo kwa upole wa kinafiki.

Meza yetu ilikuwa ndogo, kioo na printa viliijaza, kwa hiyo boksi lenyewe nililiweka chini, sakafuni. Nikaingia uvunguni kulizima, na mkono ulipoligusa niliuondoa haraka. Lilikuwa la moto kama sufuria ya ugali. Nikapapasa nyuma, pale feni inapotolea hewa: nyasi. Nikapapasa mbele, kwenye matundu ya kuvutia hewa: nyasi. Mama alikuwa amelizungushia nyasi boksi zima, akazishindilia vizuri kwa kiganja, kama anavyomtengenezea kuku anayeatamia. Hata mashine nayo aliitandikia.

Nikaanza kuzikumba kwa mikono miwili na kuzitupa nyuma yangu.

"Mawe! Wewe!" mama akapiga kelele kwa lugha ya kwetu, kama kusema mama yangu wee. "Unaondoa nyasi mgeni amekaa?" Maana kufanya vile ni kumwambia mgeni nyanyuka uende zako. Sikuwa na muda wa kueleza. Nilikumba mpaka saruji ikaonekana, nikachomoa na majani mawili yaliyojisokota kwenye feni, nikamwomba mama mkuu anywe kahawa kwanza mashine ipoe. Akanywa, anatutazama kama watu waliorukwa na akili. Kisha nikawasha, nikachapa mtihani wote mpaka swali la mwisho, printa ikautoa, yeye akausoma taratibu na kusema, "Jumatatu nitawaletea mingine."

Baba mdogo alimaliza kahawa yake, akaaga bila utani wowote. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nilimsindikiza mama mkuu hadi barabarani, nikarudi mbio kumwonyesha mama ile feni, namwambia hakuna jicho wala nini, ni hewa tu, ilikuwa inakosa hewa, tuliweke boksi juu ya kigoda tu, basi, yamekwisha!

Mama alikuwa bado amekaa pale chini. Alikitazama kile kipande cha saruji tupu, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Mama, ungejuaje?"

Hakulia. Aliokota unyasi mmoja, akaunyoosha kwa vidole.

"Nilikuwa nakata yale majani mazuri," alisema. "Yaliyo laini. Hayo mengine nilikuwa nayaacha."