Nguzo Katikati ya Bwawa

Kazini walimwita Mama Nguzo, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mumewe, akitaka kumchokoza, alilitumia. Kazi yake ilikuwa kutembea. Alifuata nyaya za umeme kupitia misitu na vilima ambako gari haliingii, na kila alipofika kwenye nguzo ya mti aliinama, akaigonga kwa nyundo ndogo karibu na ardhi, akasikiliza. Nguzo nzima hulia kavu. Iliyooza ndani hutoa sauti ya mtu anayeitika akiwa amejifunika blanketi. Akiisikia hiyo, alitoa GPS mfukoni, akahifadhi namba za mahali pale, na baadaye mafundi walikuja na nguzo mpya wakifuata namba zile. Nguzo ambayo haikuhifadhiwa, fundi aliipanda bila wasiwasi. Aliamini kwamba Mama Nguzo alishapita.

Mvua zilipoanza, GPS za zamani zilikuwa zimechoka zote. Moja ilikuwa imefungwa mpira wa baiskeli isifunguke. Meneja akamwita.

“Wewe umetembea kuliko sisi wote,” alisema. “Wauzaji wametuletea aina mbili tuzijaribu. Chagua moja, niagize za wapimaji wote watatu. Na mwezi ujao kila mtu atakuwa na njia yake peke yake, hakuna tena kutembea na mwenzako. Watu hatuna.”

Mama Nguzo aliitikia, akatoka. Kwenye ngazi alishika ukuta akapumzika kidogo, ingawa alikuwa hajabeba kitu.

Tangu mwaka uliopita maandishi madogo yalikuwa yanamkimbia. Daktari wa macho alikuwa amemweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba miwani ingemsaidia ndani ya nyumba, kwenye taa nzuri, lakini nje, kwenye mwanga mkali, herufi ndogo zingeendelea kufifia, wala hakuna operesheni ya kurudisha kilichokwisha. Hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mumewe. Porini alikuwa na dawa yake: alimpa kifaa mwenzake, kijana mmoja waliyemwita Mrefu, akamwambia, “Nisomee, mwanangu, mikono yangu ina matope.” Mrefu alisoma. Kazini kwao, mtu asiyeweza tena kwenda porini alipelekwa stoo, akahesabu skrubu na vikombe vya kushikia nyaya mpaka siku ya kustaafu.

Mtunza stoo alikuwa bwana wa makamo aliyefungulia redio asubuhi na kuizima jioni. Aliziweka GPS zote mbili mezani, moja pana yenye skrini ya kugusa, na nyingine ndogo, nene, yenye vitufe vya mpira.

“Hii televisheni,” alisema, “na hii rimoti yake.”

Mama Nguzo aliichukua ile pana, akaipeleka dirishani kwenye jua. Namba zilikuwa kubwa, nyeusi, zimetulia. Alizisoma mwenyewe, moja baada ya nyingine, kisha akazirudia.

“Nimeipenda hii.”

“Dada, hata hujaijaribu.”

“Nitaijaribu. Lakini nimeipenda.”

Ile ndogo aliitazama mara moja tu. Kwenye kioo chake aliona kitu kama vumbi.

Nyumbani mumewe, dereva mstaafu, alimwekea maji ya moto kwenye beseni. Mama Nguzo aliingiza miguu, akafumba macho.

“Kama hiyo pana unaiona, ichukue,” mumewe alisema. “Nani atakuuliza?”

“Sijui bado kama inafaa.”

“Hata wewe hufai, mbona wamekuweka miaka yote hii?”

Akacheka bila kufumbua macho.

“Lakini kweli, mama,” mumewe aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. “Umetembea vya kutosha. Iulize miguu yako.”

“Miguu siiulizi. Nikikaa stoo nitakufa kwa redio ya yule bwana.”

Kesho yake alitoka na Mrefu, kila mmoja na kifaa chake, yeye na ile pana. Mvua iliwakuta mapema na haikuondoka. Njia ilipanda kilima, ikashuka kando ya bwawa, ikapanda tena. Ile pana haikuzitambua glovu zake, kwa hiyo kila nguzo alivua glovu kwa meno, akabonyeza kuangalia alipofika, akavaa tena, mpaka vidole vikafa ganzi. Matone yakitua kwenye skrini ramani iliteleza yenyewe huku na huku. Aliifuta kwa ndani ya koti na kuendelea. Kila kitu kina usumbufu wake, alijiambia.

Mrefu yeye alikuwa na mambo yake. Aliiangusha ile ndogo kwenye jiwe, akasema, “Samahani, imeteleza,” akaiokota. Aliitumbukiza matopeni, akaiosha kwenye maji yanayotiririka, akabonyeza vitufe bila kuvua glovu.

“Imekukosea nini?” Mama Nguzo aliuliza.

“Naitambulisha kazi.”

Mchana walijibanza chini ya mwamba kula. Ile pana ilikuwa tayari inalilia chaji. Mrefu alibadilisha betri za ile ndogo, betri za kawaida tu zinazouzwa kila duka, kisha akainamia skrini pana kuangalia kazi ya asubuhi.

“Mama, hii nguzo ya wapi?”

“Ipi?”

“Umehifadhi nguzo mbovu katikati ya bwawa. Uliogelea saa ngapi?”

Walicheka wote wawili, wakiwa wamelowa, midomo imejaa chakula. Mrefu alisema watawanunulia mafundi mtumbwi. Kisha Mama Nguzo akaacha kucheka. Asubuhi hiyo alikuwa amesikia nguzo moja tu iliyooza, ile ya kilimani, iliyooza kabisa. Alibonyeza, mvua ikabonyeza pamoja naye, na nguzo ikahamia majini. Kilimani, kwa mujibu wa kifaa, nguzo zote zilikuwa nzima. Fundi angefunga mkanda wake kwenye ile ile na kupanda.

Walirudi kilimani. Aliigonga tena, ikaitikia kutoka chini ya blanketi. Mrefu akaihifadhi kwa ile ndogo, akamnyooshea.

“Hakikisha.”

Aliishika karibu, akaishika mbali. Vumbi tupu.

“Sawa,” alisema.

“Umesoma nini?”

Maji yalimtiririka kwenye ukosi wa koti. Alikuwa amechoka, na uchovu ule haukuwa wa kilima.

“Sijasoma kitu.”

“Najua, mama. Tangu mwaka jana mikono yako ina matope hata kiangazi.”

“Mbona hukusema?”

“Niseme nini? Nilikuwa nasoma tu.” Akaipangusa ile GPS kwenye suruali yake. “Chagua hii. Nitaendelea kukusomea.”

“Mwezi ujao utakuwa na njia yako.”

“Nitamwambia meneja.”

“Utamwambia nini? Kwamba mama wa watu haoni lakini ana sikio zuri?”

Mrefu akaanza kushuka kilima. Wakamaliza njia, Mama Nguzo akigonga na kusikiliza, kijana akibonyeza, na hakuna aliyetaja tena matope.

Siku iliyofuata alienda moja kwa moja stoo, kabla ya kwenda kwa meneja, pengine kwa kuogopa kwamba ngazi zingemfanya abadilishe mawazo. Aliweka vifaa vyote viwili mezani. Ile pana aliigeuza, kioo kikalala chini.

“Agiza hii ndogo,” alisema. “Mbili.”

Mtunza stoo aliinua macho. “Mko watatu.”

“Najua kuhesabu, ndugu yangu. Si ndiyo kazi ya humu?”

Bwana yule alimtazama, akatazama ile GPS pana iliyolala kifudifudi, akamtazama tena. Kisha akainuka, akaanza kuondoa maboksi kwenye kiti cha pili, kile kilichokuwa hakikaliwi na mtu siku zote. Alipangusa vumbi kwa kiganja. Mama Nguzo aliketi, akalegeza kamba za buti, akanyoosha miguu chini ya meza.

“Sasa,” alisema, “tuanze na hiyo redio yako.”